Kikomo cha Mionzi ni cha Nani?

Ndugu msomaji, neno mionzi limebebeshwa mzigo mkubwa mno katika lugha yetu. Mionzi ni ile ya jua la asubuhi ipenyayo dirishani. Mionzi ni ile ya picha ya kifua hospitalini, ambapo mpiga picha hujificha nyuma ya ukuta wa risasi na kukuacha wewe peke yako mbele ya mtambo. Mionzi ndiyo iliyowateketeza watu wa Hiroshima na Nagasaki mwezi Agosti mwaka 1945. Na mionzi, kwa jina hilo hilo, ndiyo isemwayo kutoka katika mnara wa simu uliosimama nyuma ya nyumba ya jirani yako. Kwa kuwa jina ni moja, hofu nayo imekuwa moja, na mtu aliyesoma habari za bomu akiwa shuleni huutazama mnara wa simu kwa jicho lile lile.

Kabla hatujaendelea, hatuna budi kuitenganisha mionzi hii. Ile ya eksirei na ya bomu ina nguvu ya kupasua chembe ndogo kabisa za mwili, na madhara yake hujilimbikiza. Ndiyo maana kikomo chake huhesabiwa kwa mwaka mzima: milisiveti 1 kwa mwananchi wa kawaida, na wastani wa milisiveti 20 kwa mfanyakazi aliyesomea kazi hiyo. Mionzi ya redio, ya televisheni na ya simu haina nguvu hiyo ya kupasua. Ni ndugu wa mwanga, lakini ndugu mnyonge; hata mwanga wa mshumaa, chembe kwa chembe, humshinda. Hata hivyo mnyonge huyu anaweza kupasha joto, na akizidi anaweza kuunguza. Jiko la mikrowevu, ambalo siku hizi limeingia katika nyumba nyingi za mijini, hupasha kiporo cha jana kwa mawimbi ya ukoo ule ule wa mawimbi ya simu.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mawimbi haya hayawezi kumdhuru binadamu. Yanaweza. Linalobaki kuulizwa ni kiasi gani, na ni nani hasa anayekaa mahali ambapo kiasi hicho hufikiwa.

Mtaani kwetu jambo hili lilifikishwa mkutanoni. Kampuni moja ya simu ilikuwa imepatana na mzee mmoja mwenye kiwanja kikubwa, isimamishe mnara uani kwake na kumlipa kodi kila mwezi. Basi siku ya mkutano uwanja ulifurika. Mama mmoja alisimama akasema mnara utawaharibia mimba akina mama. Kijana mmoja akasema utamaliza nguvu za kiume, na vijana wenzake wakacheka, lakini niliona kwamba hawakucheka kwa muda mrefu. Mzee mwenye kiwanja akajibu kwamba hayo yote ni wivu wa kodi. Mwisho akasimama mjumbe wa kampuni, kijana mtanashati aliyevaa tai katika jua la saa nane, akatamka kwamba mionzi ya mnara wao iko chini ya kiwango cha usalama cha kimataifa. Kisha akaketi.

Hakuna aliyemwuliza kiwango hicho ni kipi, wala nani alikiweka, wala kwa kupima nini. Mwenyekiti wa mtaa alinigeukia, kwani watu wetu wana imani kwamba mwandishi wa habari anajua kila kitu. Nilimjibu kwamba nitakwenda kuuliza, na niliyoyakuta ndiyo ninayokusimulia.

Kiwango hicho kilianza katika vita. Mitambo ya rada ilienea wakati wa Vita Kuu ya Pili, na vita ilipokwisha majeshi yakabaki na maelfu ya mafundi na mabaharia waliofanya kazi karibu na mitambo yenye nguvu kubwa. Madaktari wakaanza kuuliza maswali, hasa juu ya macho, maana jicho lina damu chache ya kulipoza, na sungura waliopigwa na mawimbi makali walipatwa na mtoto wa jicho. Mwaka 1953 mwanasayansi Herman Schwan, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alipendekeza kwa Jeshi la Wanamaji la Marekani kikomo cha miliwati 10 kwa kila sentimita moja ya mraba ya mwili. Hoja yake ilikuwa ya joto. Mwili wa mtu mzima aliyetulia huzalisha joto la wati zipatazo 100, kama balbu moja ya zamani, na mwili huo huo hulimudu joto kubwa zaidi mtu anapolima au anapobeba mizigo. Basi mawimbi yasiyoongeza joto kupita uwezo huo hayatamwangusha mtu. Mwaka 1966 kikomo hicho kikawa kanuni rasmi ya viwango nchini Marekani.

Upande wa pili wa dunia mambo yalikuwa mengine. Madaktari wa Urusi ya Kisovieti waliwachunguza wafanyakazi wa mitambo ya mawimbi na kuandika malalamiko yao: kichwa kuuma, uchovu, kukosa usingizi, mapigo ya moyo kubadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaweka kikomo chao: mikrowati 10 kwa sentimita ya mraba kwa siku nzima ya kazi. Angalia vizuri maneno hayo, msomaji. Mmoja anasema miliwati, mwingine mikrowati. Tofauti yake ni mara 1,000. Mfanyakazi wa Marekani aliruhusiwa kupigwa na mawimbi makali mara elfu moja kuliko mwenzake wa Kisovieti, na wote wawili waliambiwa kwamba wako salama.

Tofauti hiyo ilizaa kisa cha ajabu. Tangu mwaka 1953 Warusi walikuwa wakiuelekezea ubalozi wa Marekani mjini Moscow miale ya mawimbi mafupi, kwa sababu ambazo hadi leo watu wanazibishania. Ukali wake, kwa vipimo vya Wamarekani wenyewe, haukufika mikrowati 20 kwa sentimita ya mraba. Kwa kanuni ya Marekani hilo lilikuwa jambo dogo mno, chini ya kikomo kwa mara 500. Kwa kanuni ya Warusi lilikuwa limevuka mpaka. Kwa hiyo Wamarekani wangelalamika kwa haki, ingewalazimu kusimama juu ya kanuni za mpinzani wao na kuzikana za kwao. Wafanyakazi wa ubalozi wenyewe hawakuambiwa lolote hadi mwaka 1976, na walipoambiwa walighadhibika, kama ambavyo mimi na wewe tungeghadhibika. Timu ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ikiongozwa na Abraham Lilienfeld, iliwafuatilia watu zaidi ya 1,800 waliofanya kazi Moscow na kuwalinganisha na wenzao wa balozi nyingine za Ulaya ya Mashariki. Taarifa yake ya mwaka 1978 haikuona ushahidi wa kuridhisha kwamba wale wa Moscow walidhurika zaidi. Lakini nenda kamwambie hivyo mtu aliyefichwa jambo kwa miaka yote hiyo!

Nimekaa juu ya kisa hiki kwa makusudi. Pale uwanjani kwetu watu hawakukosa hesabu tu, walikosa kuambiwa. Kijana yule wa tai alikuwa na karatasi ya vipimo katika mkoba wake, nilimwona akiipapasa, na hakuitoa.

Baadaye wataalamu waliacha kupima hewa pekee wakaanza kupima mwili wenyewe, yaani ni wati ngapi zinazomezwa na kila kilo moja ya nyama. Hapa ndipo panya na tumbili walipoingia kazini. Walifundishwa kubonyeza kitufe ili wapate chakula, kisha wakapigwa na mawimbi huku wakiendelea na kibarua chao. Mwili ulipomeza kama wati 4 kwa kila kilo, na joto lake kupanda kwa nyuzi moja hivi, wanyama wale waliacha kubonyeza, ingawa njaa ilikuwa pale pale. Hawakufa, walichoka na joto wakagoma. Mgomo huo wa wanyama wenye njaa ndio jiwe la msingi la viwango vya leo. Wataalamu waliigawa ile 4 kwa 10 wakapata wati 0.4, ikawa kikomo cha mfanyakazi. Wakaigawa kwa 50 wakapata wati 0.08, ikawa kikomo cha mwananchi wa kawaida, ambaye ndani yake yumo mtoto mchanga, mjamzito, mgonjwa na mzee, na ambaye huenda hajui kabisa kwamba kuna mawimbi yanayompiga.

Viwango hivyo vilitangazwa mwaka 1998 na kupitiwa upya mwaka 2020 na tume ya kimataifa ya wataalamu ijulikanayo kwa kifupi kama ICNIRP, ambayo makao yake yako karibu na mji wa Munich, Ujerumani. Si chombo cha Umoja wa Mataifa, lakini Shirika la Afya Duniani linakitambua. Wapo wanaokilaumu kwamba huwachagua wajumbe wake chenyewe, na lawama hiyo ina uzito wake. Kwa kuwa hakuna awezaye kuingiza kipimo ndani ya mwili wa mpita njia, tume hutoa pia kiasi kinachopimika hewani: kwa mawimbi ya simu ya megahezi 900 ni wati 4.5 kwa kila mita ya mraba kwa mwananchi, na kuanzia megahezi 2,000 ni wati 10. Kwa mfanyakazi zidisha mara tano. Jua la adhuhuri, kwa kulinganisha tu, hutupiga kwa wati zipatazo 1,000 kwa mita ya mraba, ingawa mwanga wake huishia kwenye ngozi na mawimbi haya hupenya ndani zaidi.

Usidhani dunia nzima imekubaliana. India ilishusha kikomo chake mwaka 2012 hadi sehemu moja ya kumi ya kile cha kimataifa. Italia kwa miaka mingi ilishikilia kikomo kikali zaidi kwa majumba ya kuishi, kisha mwaka 2024 ikakilegeza. Poland iliyokuwa na kikomo kikali tangu enzi za ujirani na Moscow ilikipandisha mwaka 2020 ikalingana na tume. Hakuna ugonjwa mpya uliogunduliwa Delhi mwaka 2012, wala uliopona Warsaw mwaka 2020. Zilikuwa ni serikali zikiamua, baada ya kusikiliza wananchi, mahakama na kampuni, ni akiba kiasi gani iwekwe juu ya kile ambacho sayansi imepima. Kwa maoni yangu hilo si jambo la aibu, mradi lisemwe wazi. Chini ya kila kikomo kuna kipimo, na juu ya kipimo hicho kuna uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu unaweza kuulizwa maswali.

Na saratani? Najua unalingoja neno hilo. Mwaka 2011 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani, iliyoko Lyon, Ufaransa, iliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Magazeti yalipiga kelele. Wachache waliandika kwamba katika kundi hilo hilo zimo achari za mboga za huko Asia, kwa maana kundi hilo ni la mambo ambayo ushahidi wake ni hafifu na hauwezi kutupwa wala kushikwa. Mwaka 2018 uchunguzi mkubwa wa Marekani uliwapiga panya mawimbi kwa saa tisa kila siku kwa miaka miwili, wakaonekana panya dume kadhaa wenye uvimbe wa moyo. Ajabu ni kwamba panya dume hao waliopigwa waliishi muda mrefu kuliko wenzao walioachwa. Kisha mwaka 2024 ulichapishwa uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliokusanya tafiti za miongo mingi juu ya watumiaji wa simu, na haukuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Simu zimezagaa duniani tangu miaka ya 1990, na saratani hiyo haijapanda pamoja nazo.

Sasa turudi kwenye mnara wa uani. Antena ya mnara haimwagi mawimbi chini kama bomba la mvua. Huyatupa mbele, kama taa ya mnara wa pwani inavyotupa mwanga wake juu ya bahari, yakiinama kidogo tu kuelekea chini. Aliyekaa chini ya mnara yuko gizani, kwa namna ya kusema. Tena mawimbi hupungua haraka kwa umbali: umbali ukizidi mara mbili, ukali hushuka mara nne. Chukua antena ambayo ukali wake katika njia yake ni wati 0.8 kwa mita ya mraba ukisimama mita 10 mbele yake. Kwenye mita 20 utakuta wati 0.2. Kwenye mita 100, ambako pengine ndiko dirisha la kwanza la jirani lilipo, utakuta wati 0.008, yaani mamia ya mara chini ya kikomo.

Jambo jingine liliwashangaza wengi nilipolieleza. Simu iliyo mkononi mwako hupaza sauti kwa kadiri mnara ulivyo mbali. Mnara ukiwa karibu, simu hunong'ona. Mnara ukiwa mbali, au ukiwa ndani ya chumba chenye kuta nene ambamo mtandao unakuja na kwenda, simu hupiga kelele kwa nguvu yake yote, nayo umeibana sikioni. Mtu aufukuzaye mnara mtaani ili ajikinge na mionzi, kisha akaongea saa nzima na shangazi yake aliye mkoani, amejiongezea kile alichokikimbia. Kiasi hicho nacho kina kikomo: wati 2 kwa kila kilo kichwani, kwa hesabu ya tume, na wati 1.6 kwa hesabu ya Wamarekani. Ukiweka simu katika kipaza sauti na kuitenga na kichwa kwa shubiri moja tu, kiasi hicho hushuka sana.

Mnara ulijengwa. Kampuni ilikubali kubandika vipimo vyake katika ofisi ya serikali ya mtaa, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo yenye dhamana ya kupima mionzi nchini, pamoja na hii ya minara. Mama yule aliyesema habari za mimba aliisoma karatasi, akauliza tarakimu mbili tatu, akaniambia kwamba kama wangeileta siku ya kwanza asingepoteza sauti yake bure.

Lakini wakati mtaa mzima ukigombana juu ya mnara wa mita 40, hakuna aliyezitaja paa za maghorofa ya katikati ya mji. Pandisha macho siku utakapokwenda Kariakoo. Huko juu, katikati ya matangi ya maji na kamba za nguo, utaona makabati membamba meupe yamesimama wima ukutani au juu ya vyuma vifupi. Hizo ndizo antena, ndugu msomaji, na aghalabu zimesimama kwenye kimo cha mtu. Mita 100 nilizozitaja hapo juu hazipo tena. Zipo hatua mbili au tatu, na hatua mbili au tatu mbele ya antena yenye nguvu kikomo cha mwananchi kinaweza kuvukwa, na cha mfanyakazi pia.

Mdogo wangu ni fundi rangi. Kazi hiyo ameifanya miaka 12, anaipenda, na mikono yake haitakati hata siku ya Idi. Mwaka jana alipata kibarua cha kupaka ukuta wa juu wa jengo moja la ghorofa sita, kwa malipo ya shilingi 25,000 kwa siku. Siku ya pili akanipigia simu akiwa huko huko juu.

"Dada," akasema, "huku kuna makabati matatu yanautazama ukuta ninaotakiwa kuupaka. Kuna kibao cha njano kimeandikwa Kiingereza. Msimamizi anasema hayaumi, wenzangu wote wamepaka. Nifanyeje?"

Nilimwambia asisimame mbele yake. Nyuma ya kabati si neno, mawimbi huko ni hafifu mno, mbele asikae. Mtu akikatiza mbele ya antena mara moja hapati dhara, kwani kikomo cha mwili mzima huhesabiwa kwa wastani wa dakika 30. Fundi rangi hakatizi. Anasimama pale kutwa, uso wake kimo kimoja na antena, na hatasikia kitu, kwa kuwa joto hili hupanda ndani ya nyama kabla ngozi haijalitambua, na chini ya jua la paa nani atajua joto lipi limetoka wapi?

Ukipenda kujua kikomo kinamlinda nani, tazama kisa hiki. Fundi wa kampuni ya simu anayepanda kwenye antena amefunzwa, huvaa kifuani kifaa kidogo kinacholia mawimbi yakizidi, na anayo namba ya kumpigia mwenzake azime mtambo. Kwa ajili hiyo ndipo kanuni ikamruhusu kupigwa mara tano zaidi ya mwananchi. Fundi rangi, fundi bomba, mama anayeanika nguo, kijana anayesafisha tangi, hao kwa kanuni ni wananchi wa kawaida, wenye haki ya kikomo kile kidogo. Kwa kazi zao wanafika pale pale anapofika fundi wa antena, bila mafunzo, bila kifaa, na bila namba ya simu. Tume imewawekea tarakimu. Anayepaswa kuwawekea uzio, kibao wanachoweza kukisoma na mtu wa kuzima mtambo ni mwenye jengo na mwenye antena, na kati ya hao wawili kila mmoja humwona mwenzake ndiye mhusika.

Mdogo wangu alishuka. Msimamizi alimwambia kwamba kazi ikisimama na malipo yanasimama. Namba iliyokuwa kwenye kibao ilikuwa imefifia kwa jua, na wakala wa jengo alisema mkataba wa antena uko kwa mwenye jengo, naye mwenye jengo yuko safarini. Siku tisa zilipita hivyo. Siku tisa ni shilingi 225,000, nayo kodi ya chumba chake ni shilingi 75,000 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe. Shemeji yangu, mkewe, alimwuliza mbele yangu kama makabati hayo yamewahi kumwua mtu. Swali lake halikuwa la upumbavu, kwa kuwa watoto walikuwa wakila kwa mkopo wa dukani. Mdogo wangu alimjibu kwamba hajui, ndiyo maana hapandi.

Siku ya kumi mwenye jengo alipatikana, na kumbe kuzima antena lilikuwa jambo la barua moja na simu mbili. Mitambo ilizimwa Jumapili kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano. Alikuja fundi wa kampuni, akatembeza kifaa chake mbele ya kila kabati mpaka akaridhika, kisha akakivua akamning'inizia mdogo wangu kwenye ovaroli na kumwambia kikilia aondoke. Hakikulia. Chini barabarani wauza duka wachache waliofungua walitoka nje wakinyanyua simu zao juu, wakiulizana mtandao umepatwa na nini.

Ukuta ulipokwisha palibaki rangi nyekundu kidogo, ile ya kupakia mabomba ya zimamoto. Mdogo wangu aliitumia kwenye mlango wa kutokea paani, kwa herufi za kimo cha kiganja: USISIMAME MBELE YA MAKABATI MEUPE. PIGA SIMU KWANZA. Chini yake akaandika namba aliyopewa na fundi. Wakala wa jengo alimwambia kwamba hakuna aliyemwagiza kuandika hayo na hatalipwa kwa ajili yake. Nilipita huko juma lililopita, nikapanda hadi juu kwa ngazi. Maandishi bado yapo.